Gitaa langu lilikuwa na mafua

Aliyegundua ugonjwa ni shangazi. Ilikuwa sendofu ya binamu yangu, ukumbi mmoja Tabata, mwaka 2014, nikapewa nafasi ya kupiga nyimbo mbili tatu watu wakiwa wanakula, nikapiga, wakanipa makofi ya adabu, yale ya kugonga meza huku mkono mwingine umeshika kijiko, nikarudi kukaa najiona nimefanya kazi. Shangazi akasogea sikioni, "We baba, hilo gitaa lako lina mafua? Mbona linaongelea puani?" Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka, ila iliniuma, maana alikuwa amesema kitu ambacho nakisikia kila siku na sikuwa na jina lake.

Nyumbani lile gitaa halikuwa na mafua hata kidogo. Usiku kumetulia, ukikaa nalo kitandani ukagusa uzi wa nne, sauti inajaa chumba kizima. Ukilichomeka kwenye mitambo, puani.

Niseme kidogo nilikotokea ili tuelewane. Gitaa kavu nimefundishwa na mjomba, Ujiji, na wazee wengine wanaliita galatoni, jina lililotokana na magitaa ya Gallotone yaliyokuwa yanatengenezwa Afrika Kusini (hata gitaa la kwanza la John Lennon, yule wa Beatles, lilikuwa Gallotone, kwa hiyo msituone washamba). Mjomba anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, ule mtindo wa Katanga, kule Kongo, wa wapiga gitaa kina Mwenda wa Bayeke, gumba linatembea na besi chini, shahada anacheza juu, mtu asiyejua akisikia toka nje anadhani wako wawili. Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi panaitwa Likasi, maiki na gitaa na sauti yake, hamna pikapu (kile kidude cha kunasa sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye mitambo) wala nini, na mpaka leo ukisikiliza unasikia ile kucha inavyogusa uzi. Mimi nilikuwa nasikiliza zile rekodi najiuliza, sasa mwaka 1952 waliwezaje halafu mimi 2014 na mitambo yote hii nashindwa? Jibu ni jepesi mno ila lilinichukua miaka: kwenye kurekodi hakuna spika inayokurudishia sauti yako usoni. Ukiweka spika kwenye chumba kimoja na maiki mchezo unabadilika wote.

Turudi kwenye pikapu. Nilipomwambia mama nimeweka pikapu kwenye gitaa alinyamaza kwanza, kwa sababu pikapu anayoijua yeye ni ile inayobeba mikungu ya ndizi, akaniuliza hela umetoa wapi. Hela yenyewe ilikuwa elfu thelathini na tano Kariakoo, na fundi wa kuifunga nikampa elfu kumi. Ni kijiti chembamba, kinalala chini ya ule mfupa mweupe wa kwenye briji pale nyuzi zinapopandia, na kina kitu ndani ambacho kikikandamizwa kinatoa umeme kidogo. Ndo piezo hiyo. Sasa fikiria mwenyewe, sikio lako likisikiliza gitaa linapokea kifua cha mbao kinavyotetemeka, tundu linavyopumua, kucha inavyoparuza, na ukuta unavyorudisha, vyote kwa pamoja. Piezo haijui hayo, inajua uzi unavyokandamiza mfupa, basi. Ni kama umsikilize mtu anayeimba kwa kumshika koo badala ya kumtegea sikio. Na sisi wa vidole viwili ndo tunaumia zaidi, kwa sababu shahada inachapa uzi kwa nguvu na piezo inapokea ule mchapo kama kofi la uso.

Ila kuna kosa lingine nilikuwa nalifanya na hili nalikiri kwa aibu. Pikapu yangu ilikuwa haina betri, nilikuwa naichomeka moja kwa moja kwenye miksa, njia ya laini (ile ya vifaa ambavyo tayari vina sauti kubwa). Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba piezo inatoa kitu kidogo mno na haipendi kunyonywa, inataka kuchomekwa kwenye kitu chenye ukinzani mkubwa, omu milioni moja kwenda juu, wengine wanasema hata milioni kumi, wakati njia ya laini ya miksa nyingi ni omu elfu kumi, elfu ishirini hivi. Ukiichomeka hapo besi haziji, kinachofika ni juu peke yake, chi chi chi chi, kama mtu anasugua sufuria. Hata yale maboksi ya DI ya kawaida (ya kuunganishia gitaa na miksa), yasiyotumia umeme, mengi yana omu elfu mia moja na kitu, bado ni kidogo kwa piezo tupu. Kwa hiyo nusu ya mafua ya Tabata haikuwa ya pikapu, ilikuwa yangu.

Nikanunua priampu ndogo, kile kidude cha kuikuza sauti ya pikapu kabla haijafika kwenye miksa, ya betri ya volti 9. Mara moja tu besi zikarudi, nikaruka ruka chumbani kama mtoto. Halafu nikaenda harusi Morogoro, na siku moja kabla nilikuwa nimefanya mazoezi nikaacha jeki imechomekwa usiku kucha, na zile priampu nyingi zinajiwasha kwa jeki, yaani ukiichomeka tu betri inaanza kuliwa hata kama hupigi. Katikati ya wimbo wa maharusi kuingia gitaa likaanza kukoroma, likakoroma, likakata. MC akaokoa kwa kupiga vigelegele mwenyewe. Tangu siku hiyo natembea na betri mbili mpya kwenye soksi ndani ya begi, na jeki nachomoa hata nikienda kunywa maji.

Pamoja na hayo mafua yalipungua tu, hayakuisha. Sauti ilikuwa nene sasa ila bado puani. Nikakasirika, nikasema pikapu ni takataka, narudi kwenye maiki kama wazee.

Hapo ndo nikapata somo la pili, na hili lilikuwa mbele za watu. Ilikuwa chakula cha jioni cha kuchangisha fedha, watu wamevaa vizuri, kimya, mazingira ya gitaa kavu kabisa. Nimeazima maiki ya kondensa, ile nyembamba kama kalamu nene, inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa, na mimi kwa akili zangu nikaielekeza kwenye tundu la gitaa, si ndo sauti inapotokea? Kumbe tundu ndo mahali pabaya kuliko pote. Ile hewa iliyomo ndani ya gitaa ina mlio wake, kwa magitaa mengi uko karibu na hezi 100 (yaani mitetemo 100 kwa sekunde), na ukiweka maiki pale unapata buuum buuum kama mtu anapuliza mdomo wa chupa. Fundi akapandisha, nikawa sisikiki, akapandisha tena, gitaa likaanza kunguruma lenyewe bila mimi kuligusa, uzi wa tano ule wa A una hezi 110 kwa hiyo ukaamka wenyewe ukaanza kuimba, halafu ukaja mluzi wa juu ule wa kuchoma masikio, na wazee wa meza ya mbele wakaziba masikio kwa vidole kabisa, sitanii.

Nilielewa siku hiyo kwamba maiki haina ubaguzi. Inasikia gitaa, inasikia spika, inasikia sahani, inasikia feni. Gitaa kavu lina sauti ndogo kwa hiyo fundi lazima aifungue sana, na akiifungua sana inaanza kujisikia yenyewe kutoka kwenye spika, inazunguka, mluzi. Ukiisogeza mbali ndo unaharibu zaidi, maana ukiongeza umbali mara mbili gitaa linapungua kama desibeli 6 ila spika iko pale pale haijapungua kitu. Na mimi nikiimba huwa siwezi kukaa kama sanamu, nayumba, nikiyumba kushoto gitaa linapotea nikirudi linarudi.

Kwa hiyo hesabu yangu ikawa rahisi. Wali peke yake mkavu, mchuzi peke yake haushibishi, changanya.

Mwaka 2017, ukumbi mdogo Dar, watu sitini hivi, nikaja na pikapu yenye betri mpya na maiki niliyoinunua kwa kudunduliza, nikaomba njia mbili, nikamwambia fundi mitambo azipandishe zote sawa sawa. Na nilikuwa najisifu moyoni, leo watakoma. Ikatoka sauti nyembamba kuliko pikapu peke yake na nyembamba kuliko maiki peke yake, sijui nielezeje, ilikuwa kama gitaa linapigiwa ndani ya bomba. Nikachanganyikiwa kabisa, vitu viwili vizuri vinachanganywa vinatoa kitu kibaya?

Fundi mitambo alikuwa mzee, wa umri wa baba yangu, nilishamwamkia shikamoo nilipoingia akaitikia bila kunitazama. Sasa akavua hedifoni.

"Mwanangu, umeshawahi kusukuma gari bovu?"

"Nimesukuma sana mzee wangu."

"Mkiwa wawili, mmoja anasukuma toka nyuma, mwingine yuko mbele anasukuma kurudi nyuma, mnaangaliana, gari linaenda wapi?"

"Haliendi."

"Basi ndo hiyo pikapu yako."

Akabonyeza kitufe kidogo juu ya njia ya maiki, kile chenye duara lililokatwa na mstari, akaniambia piga uzi mnene. Besi ikarudi kama mtu kafungua mlango. Akaniambia ni fezi, na mimi nikadhani anaongelea umeme wa fezi tatu, nikaitikia tu kwa heshima. Baadaye akanieleza: uzi ukitetemeka pikapu inaweza kuwa inasema juu wakati maiki inasema chini, ukizijumlisha zinafutana, hasa huku kwenye besi. Kile kitufe kinageuza moja juu chini ili zisukume upande mmoja. Hakuna anayeweza kukwambia bila kusikiliza kitufe kiwe wapi, inategemea pikapu, inategemea maiki, hata waya ulivyochomelewa. Unapiga, unabonyeza, unapiga tena, penye mwili mwingi ndo pa kubaki.

Nikadhani tumemaliza. Akasema bado, hiyo ilikuwa kugeuka, sasa kuna kuchelewa. Akapima kwa mkono kutoka kwenye gitaa mpaka kwenye maiki, futi moja hivi, akaniuliza sauti inatumia muda gani kufika hapa. Nikacheka, nikasema papo hapo mzee. Akasema hakuna papo hapo, sauti kwa joto letu la Dar inakwenda kama mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo hiyo futi moja inaichukua karibu milisekunde 0.9, wakati ya pikapu imeshapanda waya zamani. Ni kidogo, sikio halitaki hata kujua, halisikii kama mwangwi. Ila kwa baadhi ya noti huo muda ndo nusu ya mtetemo mzima, kwa hiyo maiki inafika ikiwa kinyume, na noti hiyo inafutika. Nimeipiga hiyo hesabu mwenyewe baadaye, kwa futi moja shimo la kwanza linakuja kama hezi 580, linalofuata kama 1,740, yanaendelea hivyo hivyo kwenda juu kama meno ya kitana. Ndo ile sauti ya bombani. Na ukiyumba shimo linahama, ndo maana gitaa langu likawa linasikika kama linapita mbele ya feni.

Yule mzee hakuwa na mitambo ya ajabu, miksa yake ilikuwa ya zamani ya vifundo. Alichofanya ni kunipigisha kitu kimoja, gumba na shahada, "usipambe, piga hicho hicho", nikapiga kama dakika kumi kidole kikaanza kuwaka, yeye kavaa hedifoni, kaziweka pikapu na maiki sawa kwa sauti, kijana wake anasogeza stendi ya maiki inchi moja moja, mbele, nyuma, kushoto, mpaka akanyoosha mkono. Ilikuwa kwenye freti ya 13 hivi, pale shingo inapoungana na kiwiliwili, maiki imeinamishwa kidogo isilitazame tundu, umbali wa shibiri moja. Mpaka leo naanzia hapo. Nanyoosha kiganja toka gumba mpaka kidole cha mwisho, naweka maiki, halafu nasogeza.

Kitu cha tatu alichofanya ndo kilichoniponya na ndo sababu ya kuandika haya yote. Alisema mafahali wawili zizi moja, mmoja mhamishie juu. Akakata besi zote za maiki, kila kitu chini ya hezi 200 na ushee akakitoa, akaacha pikapu peke yake ibebe huko chini. Halafu kwenye pikapu akashusha pale inapoongelea pua, kwangu mimi ilikuwa kati ya hezi elfu moja na nusu na elfu mbili na nusu, akaiacha maiki ndo iseme huko juu.

Nilivyokuja kukaa nyumbani na karatasi nikaona kitu kikanifurahisha sana. Nyuzi wazi za gitaa, ule mnene ni hezi 82, unaofuata 110, halafu 147, halafu wa tatu 196, wa pili 247, wa kwanza 330. Mjomba alinifundisha gumba linakaa kwenye nyuzi tatu nene, shahada kwenye tatu nyembamba. Ukikata maiki kwenye 200 umegawa gitaa pale pale mjomba alipoligawa! Gumba kapewa pikapu, shahada kapewa maiki. Sio sawa sawa kabisa najua, uzi mnene nao una sauti zake za juu zinazoingia kwenye maiki, ila kwa mtu wa vidole viwili hiyo picha imenisaidia kuliko maelezo yote ya ukinzani. Na faida nyingine, ile ngurumo ya hezi 100 iliyoniaibisha kwenye chakula cha jioni, maiki haiisikii tena, imeshakatwa. Imebaki upande wa pikapu, na pikapu inavumilia zaidi, ikizidi naziba tundu la gitaa kwa kile kifuniko cha mpira, kwenye pikapu hakibadilishi sana. Ila ukiziba tundu na maiki nayo inabadilika kidogo, hilo ujue.

Tahadhari moja hapa maana niliingia mkenge: ukishakata besi za maiki rudia kile kitufe cha fezi. Kichujio chenyewe nacho kinapinda fezi karibu na pale kinapokatia, mara mbili nimekuta kitufe kilichokuwa sahihi kabla ya kukata kimekuwa kibaya baada ya kukata. Rudia na uzi wa tatu, ule wa G, ndo unakaa mpakani.

Na monita, ile spika ya kukusikilizisha wewe mwenyewe jukwaani, tafadhali sana, maiki ya gitaa isiende huko. Mimi napewa pikapu tu miguuni, maiki inaenda kwa watu peke yao. Ukiwa jukwaani pikapu puani inatosha, wewe unataka kujua uko wapi kwenye wimbo, uzuri wawaachie waliolipa. Mafundi wengine ukiwaambia wanaona unajifanya unajua, kwa hiyo nimejifunza kufika mapema, kusalimia vizuri, kuja na soda baridi, na kuuliza badala ya kuagiza, "kaka unaonaje tukiitoa hii kwenye monita?" Nakwambia ile soda imefanya kazi kuliko vifaa vyangu vingi. Halafu kumbuka kama unaimba, maiki ya mdomoni nayo inasikia gitaa toka juu, tayari una tatu hapo sio mbili, kwa hiyo usishangae ukikuta kila kitu kiko sawa halafu ukifungua maiki ya kuimbia gitaa linabadilika rangi. Mimi naiinua iwe karibu na mdomo kabisa, naipa mgongo gitaa kadri inavyowezekana.

Kiasi gani cha maiki? Watu wananiuliza sana hili. Siku hizi naanza na pikapu peke yake mpaka iwe sawa, halafu maiki toka sifuri polepole, na nikifika mahali nikiizima nahisi kitu kimetoka chumbani ndo hapo hapo nasimama. Huwa ni kidogo, ukiisikia maiki yenyewe umeshazidisha.

Nililijaribu hili kwa shangazi bila kumwambia. Mwaka 2019 tulikuwa na ubarikio wa mtoto wa dada, nyumbani tu, uwanjani, spika mbili, mitambo yangu mwenyewe. Nikapiga nyimbo mbili na vyote viwili, yeye anaongea na wenzake hana habari na mimi, wimbo wa tatu katikati nikanyoosha mguu nikazima maiki kwa swichi ya chini. Akageuka. "We baba, mafua yamerudi." Nikaiwasha, akaendelea na stori zake.

Sasa msije mkadhani nabeba maiki kila mahali. Harusi siibebi. Harusi kuna MC, kuna jenereta, kuna watoto wanakimbia mbele ya jukwaa, kuna shangazi wote wa dunia wanapiga vigelegele, maiki itawasikia wao kabla ya kunisikia mimi. Pale ni pikapu, kifuniko cha mpira, na yale mapua nayapunguza kwenye ekwalaiza, watu wanacheza wanarudi nyumbani hakuna aliyelalamika. Nikiwa na bendi yenye ngoma vile vile, maiki wazi karibu na ngoma ni kumwongezea mpiga ngoma maiki ya bure.

Na ufukweni ni vita nyingine. Nilipiga hoteli moja Paje kwa msimu mzima, jioni jioni, na ile kondensa yangu baada ya wiki ya tatu ikaanza kutoa mlio kama mandazi yanakaangwa, kumbe unyevu wa chumvi umeingia kwenye kile kiwambo cha ndani. Nikaiweka siku mbili kwenye kopo la kufunga na vile vipakti vya kufyonza unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu, ikapona, na tangu hapo inalala humo. Upepo nao, hata ukivalisha sponji upepo wa baharini unaingia unapiga pu pu pu, na ule wa feni ya baa pia. Ila huko huko Zanzibar ndo nilikutana na kijana mmoja fundi, miksa ya kidijitali, yeye yuko kwenye kiti cha mbali kabisa na kishikwambi, nikamweleza habari ya futi moja, akasema sawa, akagusa mara mbili, akaichelewesha pikapu kwa milisekunde 0.9 imsubiri maiki. Kitu yule mzee alichokitafuta dakika kumi kwa kusogeza stendi, huyu kamaliza kabla sijameza mate. Sikujua nifurahi au nimwonee huruma mzee. Ila nikiyumba mahesabu yanavunjika vile vile, kishikwambi au stendi.

Dawa ya kuyumba ni maiki inayobanwa kwenye gitaa lenyewe, kwenye shingo ya waya, inayumba na wewe, umbali haubadiliki. Niliwahi kupewa moja ya hizo, DPA 4099, kwenye jukwaa moja na sikutaka kuirudisha, lakini bei yake naweza kununua magitaa mawili ya aina ninayopiga. Rafiki yangu ana LR Baggs Anthem, ambayo ndani ya gitaa kuna pikapu na kamaiki kadogo pamoja, na wao nao wamegawa hivyo hivyo, chini pikapu juu maiki, nikafurahi kuona yule mzee wa miksa ya vifundo na watu wa kiwandani Marekani wamefika mlango mmoja. Ni nzuri, haina stendi, unachomeka waya mmoja unapiga. Masikio yangu bado yanapenda maiki ya nje, ile ya ndani naisikia kidogo kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kabati, ila ningekuwa napiga kila siku sehemu tofauti na mafundi tofauti ningeichukua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Wiki ijayo nina shoo Bagamoyo, nje, karibu na maji, na kusi imeshaanza kuvuma. Betri mbili ziko kwenye soksi. Maiki nitaibeba kwenye kopo lake, nitapima shibiri, nitasikiliza upepo, na nahisi kabisa nitairudisha kwenye kopo bila kuitumia.